Somo: Kukimbia peke yako Dar, na ukafurahia

Wadau, habari za asubuhi. Wengi wetu mbio tulizijua kwa mchakamchaka wa shule: mstari, wimbo, na mwalimu wa zamu nyuma ameshika fimbo. Vikundi vya jogingi vinavyojaza barabara Jumamosi kwa nyimbo ni mchakamchaka uleule, sasa umevaa fulana za sare. Sina ugomvi navyo. Ila aliyezoea kusukumwa na wimbo wa wenzake, siku akitoka peke yake anaona kama anatumikia adhabu. Dawa yake ni mwendo mdogo, mdogo kuliko unavyodhani.

Hatua ya 1: Njia. Chagua njia yenye vitu vya kuona na kusikia, kilomita utazihesabu baadaye. Mimi napenda kuanzia Coco Beach, navuka Daraja la Tanzanite, kisha Barabara ya Barack Obama kuelekea Feri. Daraja lina kama kilomita 1 na njia ya waenda kwa miguu, bahari iko mkono wa kushoto ukielekea mjini. Wa Sinza na Ubungo mna Mlimani, chuo kikuu, miti na vilima vya kutosha. Wengine mtaa wenu unatosha kabla daladala hazijachangamka.

Hatua ya 2: Muda. Saa 12 asubuhi, kukianza kupambazuka. Januari na Februari ukichelewa hadi saa 2, joto na unyevu vitakumaliza. Kipupwe, Juni hadi Agosti, unaweza kujidekeza kidogo.

Hatua ya 3: Simu. Ibebe kwa usalama, zima sauti, weka mfukoni. Usiitazame mpaka umalize.

Hatua ya 4: Dakika 10 za kwanza usizihukumu. Misuli bado baridi, moyo na mapafu havijashika kasi, kila kitu kinakwambia rudi kitandani. Wengi huishia hapo wakasema mbio si zao. Kimbia ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza au tembea. Hakuna anayekuhesabia.

Hatua ya 5: Masikio na miguu. Hapa ndipo penyewe. Anza na nyayo: lami ina mlio wake, vitofali vya pembeni vina wake. Kisha pumzi: vuta kwa hatua 3, toa kwa hatua 2, bila kujikamua. Ukitulia, fungua masikio. Kunguru wa Dar hawahitaji kutafutwa. Sikiliza ufagio wa njiti ukichora mchanga mbele ya nyumba, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mafuta ya vitumbua yakichemka kibarazani kwa mama fulani. Kitaje kitu kimoja kimoja kimoyomoyo, ukiache kipite. Darajani kusi likivuma utalisikia kwenye shavu la kushoto ukienda mjini. Ukigeuza linahamia kulia na mgongoni. Ukianza kugundua mambo kama hayo bila kujilazimisha, raha imeshaingia.

MASWALI YA WADAU

Dada wa Tabata: Shikamoo kaka. Peke yangu naogopa, na vijana wa kijiweni hawaishi maneno.
Marahaba dada. Peke yako si lazima iwe pasipo watu. Subiri kuwe na mwanga, pita kwenye wafagia barabara na wanaofungua magenge, mwachie mtu wa nyumbani taarifa ya njia yako. Kaa upande wa kulia wa barabara uone magari yanayokuja. Kijiweni toa salamu moja fupi huku unaenda. Wakizidi, badili njia, usione aibu.

Mdau wa Mbagala: Mimi nikiwa kimya, madeni ndiyo yanajaa kichwani.
Yatakuja, usipigane nayo. Jiambie "deni hilo", urudi kwenye nyayo. Likirudi, nawe unarudi. Hata ukirudi mara hamsini, zoezi ndilo hilo.

Mdau wa Temeke: Bila wa kushindana naye naishiwa mori.
Filbert Bayi, mwanariadha wetu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974 akiongoza tangu mwanzo, hana mgongo wa mtu wa kuufuata. Kweli, nyuma alikuwa anakimbizwa na John Walker wa New Zealand. Wewe hukimbizwi na mtu, tena una nafuu.

Dada wa Magomeni: Ramadhani tunafanyaje?
Polepole sana, muda mfupi kabla ya futari, ili kiu isikutese kwa muda mrefu. Ukisikia kizunguzungu, simama.

Mdau wa Kijitonyama: Na muziki?
Sikio moja, na si barabarani. Bodaboda ikitokea upande usiousikia, hakuna utulivu hapo.

Mdau wa Kinondoni: Kukimbia peku mchangani Coco inafaa?
Inafaa maji yakipwa, mchanga uliolowa unakuwa mgumu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na nafasi ni kubwa, lakini yakijaa hujaa kwelikweli, kwa hiyo ulizia saa kwa wavuvi. Tembea kwanza kipande utakachokimbia, chupa zilizovunjika hazikosekani Jumatatu.