Kununulia hoteli mvinyo hapa Unguja

Mimi ndiye ninayenunua vinywaji vya hoteli yetu hapa Paje. Kwa mwenzangu anayeanza kazi hii: kabla hujauliza mvinyo umetoka nchi gani, uliza umewekwa wapi tangu uvuke bahari. Ukilala wiki kadhaa kwenye stoo ya mabati wakati wa kaskazi, umeshaharibika hata kama ulitoka shamba zuri. Shika chupa uikague. Kizibo kimejisukuma juu, shingo inanata, au mvinyo mweupe umekuwa na rangi ya asali? Rudisha. Muuzaji mwenye chumba cha baridi mpe biashara, hata akikuzidishia kidogo.

Mimi mzaliwa wa Dodoma, na nataka mvinyo wa kwetu uwe kwenye menyu zote za visiwani. Zabibu haipendi unyevu wa pwani, ukungu huishambulia. Dodoma ni juu, kama mita 1,100, na ni pakavu. Hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima akipogoa unachipua tena, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Soma lebo vizuri, kwani ipo mitamu na ipo mikavu, yaani isiyo na utamu wa sukari. Ule mtamu usimpe mgeni aliyeomba mkavu, atadhani Dodoma yote ni hivyo.

Wa Afrika Kusini, anza na Chenin Blanc, ndiyo zabibu iliyopandwa zaidi kule. Wanavuna kati ya Januari na Aprili. Mweupe wa bei ya kawaida uchukue ukiwa na mwaka mmoja au miwili, sio zaidi.

Sasa chakula, na hapa ndipo wengi hukwama. Mvinyo mwekundu wenye ukakasi mwingi ukikutana na pilipili, mdomo unawaka na samaki anapotea. Kileo kikubwa nacho huchochea moto huohuo. Mimi sipitishi asilimia 13 kwa vyakula vyetu. Pweza wa nazi na changu wa kupaka wanataka mweupe wenye uchachu, unaokata mafuta ya tui. Chenin Blanc inafaa mno hapo. Jodari wa kuchoma anaubeba mwekundu mwepesi, kama Pinotage, zabibu nyekundu ya Afrika Kusini, isiyokaa sana kwenye mapipa. Mwekundu huo uweke kwenye friji nusu saa kwanza. Kanuni ya kuunywa kwa joto la chumba ilitoka nchi za baridi, na chumba cha Paje kina nyuzi 30.

Mgeni akitaka kutoka na chupa kwenda nayo mtaani, mzuie kwa upole. Tunaishi kijijini kwa Waislamu, na heshima hiyo ni sehemu ya kazi yetu.

Masika yakikaribia, punguza oda. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga, na umeme ukizimwa stoo, chupa zilizobaki ndizo zitakazoungua. Mimi huacha kuagiza mwekundu tangu katikati ya Februari.