Kimbunga kikishapita: mambo ya kuangalia kabla hujarudi kwenye shughuli

Upepo ukishatulia, kila mtu wa pwani ana haraka. Mvuvi anataka kujua chombo chake kiko wapi, mama anatafuta pa kuwasha moto, watoto wanakimbilia ufukweni kuokota nazi na mbao. Hapo ndipo watu wanapoumia. Kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimeshapungua nguvu, lakini mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, Kilwa, na magari ya mizigo yakakwama. Msidharau kimbunga eti kimefika kimechoka. Yasomeni haya sasa, kungali shwari.

Waya wa umeme ulioanguka usiuguse wala usiuruke, hata kama mtaa mzima uko gizani. Umeme hurudi bila kupiga hodi.

Mnazi ulioinama usikae chini yake. Mizizi imelegea kwenye mchanga uliolowa, na mingine huanguka kesho yake jua likiwaka.

Vaa viatu. Mabati na misumari vimetapakaa kila mahali.

Weka fedha taslimu ndani, japo kidogo. Mnara wa simu ukizimika, salio lako halinunui hata kibaba cha unga. Unga, mchele, dagaa, chumvi na viberiti viwe kwenye ndoo yenye mfuniko, juu, si sakafuni.

Baharini usikimbilie. Mawimbi hubaki makubwa hata upepo ukifa, na mito iliyofurika, kama Rufiji, hushusha magogo yanayoelea usawa wa maji. Mtumbwi huliona gogo likishapasua ubao. Sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wanaosimamia mwalo wakisema bado, ni bado.

Sasa kisima. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Masika moja, baada ya dhoruba, maji ya mafuriko yaliingia kwenye kisima cha majirani zetu pamoja na uchafu wa choo. Wakaamua kukikausha na kukisafisha, jambo jema kabisa. Wakaazima mashine ya petroli ya kuvuta maji. Lakini mashine ya juu ya ardhi inavuta maji kutoka kina cha mita saba hivi, zaidi ya hapo inashindwa, na kisima chao kilikuwa kirefu. Basi wakaifunga kamba, wakaishusha ndani, wakaiwasha kukohuko chini. Maji yakatoka vizuri, watu wakafurahi. Mashine ilipozimika, kijana mmoja akateremka kuiangalia. Hakujibu alipoitwa. Ndugu yake akamfuata, naye akanyamaza. Wa tatu alikuwa ameshashika kamba, tukamvuta kwa nguvu huku akitutukana. Wale wawili walitolewa wamekufa.

Moshi wa mashine una sumu isiyo na rangi wala harufu. Juani upepo huipeperusha. Kisimani haina pa kwenda, inatulia mle hata mashine ikiwa imezimwa. Tena nasikia watu bado wanashusha koroboi kupima: ikiwaka, eti kisima ni salama. Sivyo. Koroboi huzimika hewa ikipungua, lakini sumu hii haizimi moto. Inaweza kuua mtu taa ikiwaka pembeni yake.

Kwa hiyo mashine ya petroli haiingii kisimani, wala jenereta haiingii ndani ya nyumba au barazani penye dirisha. Kisima kirefu kisafishwe kwa ndoo na kamba kutoka juu, au kwa pampu ya umeme ya kuzamisha, jenereta ikiwa mbali. Mtu akianguka ndani, usimfuate. Piga 114, Zimamoto, ita watu. Najua ni amri ngumu kumpa mtu ambaye ndugu yake yuko chini. Naitoa hivyohivyo.

Halafu msikikaushe chote kwa pupa. Karibu na bahari maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa fujo unaipandisha chumvi, na kingo zilizolowa zinaweza kubomoka. Toa kidogokidogo kwa siku kadhaa. Bwana afya atie klorini kisimani kabla hamjaanza kunywa tena. Kabla ya hapo, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe vidonge vya kutibu maji kama pakiti inavyoelekeza. Yakiwa na tope, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza. Ila maji yaliyoingia chumvi kuchemsha hakusaidii, kunazidisha ukali wake. Hayo ni ya kufulia.

Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya dawa ya pakiti (ORS), si ya kisima cha chumvi, na mpeleke zahanati siku hiyohiyo, msingoje kuona kama ni kipindupindu. Vyeti na kadi za kliniki zifungwe kwenye mfuko wa nailoni mapema. Ukihamisha makuti na mbao zilizorundikana tumia mti mrefu, nyoka nao wamehama makazi. Mzee anayeishi peke yake mpitieni asubuhi na jioni. Watoto wasichezee madimbwi, maana huwezi kujua chini kuna shimo la choo lililotitia. Na kisima kilichoachwa wazi kifunikeni leo hii, hata kwa mlango uliong'oka.