Somo: Kulainisha rotari iliyoongezewa nguvu (pampu, mchanganyiko, au vyote viwili)

Ndugu wanachama, salaam.

Mwenye gari la pistoni akiona oili inapungua hukimbilia kwa fundi. Kwetu sisi wa rotari, yaani injini yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, mambo ni kinyume. Ukipiga kilomita elfu mbili na kijiti cha kupimia oili bado kinasoma palepale, hapo ndipo pa kuingiwa na hofu. Mimi nililipia somo hili. Nilibadilisha kompyuta ya injini ya RX-7 yangu, gari la Mazda lenye rotari, karakana ikanihakikishia kila waya umeunganishwa, nami nikashangilia kwamba gari limeacha kula oili. Baada ya miezi minne komprisheni ya rota ya nyuma ilishuka. Tulipofungua injini, kuta za ndani zilikuwa na michirizi unayoweza kuihisi kwa ukucha. Pampu inayopeleka oili ndani ya rotari ilikuwa nzima kabisa, ila hakuna aliyeiamuru ifanye kazi.

Kwa nini rotari inakula oili? Rota ina pembe tatu, na kila pembe ina sili ya ncha (kipande kinachoziba upenyo kati ya rota na ukuta), ile tunayoiita apeksi. Injini ya 13B ina rota mbili, yaani sili sita zinazosugua ukuta wa kromi muda wote. Kwenye pistoni, oili hurushwa ukutani kutoka chini na ringi huikwangua. Rotari haina "chini" hiyo. Pande zote tatu za rota zinatazama moto. Ndiyo maana Mazda waliweka pampu ndogo inayochota oili ya sampu (bakuli la oili ya injini) na kuidondosha ndani kidogo kidogo, ilainishe kisha iungue.

Hatua ya 1: Jua nani anaiamuru pampu yako.
RX-7 FC (kizazi cha pili) za mwanzo zina pampu inayovutwa kwa fimbo kutoka kwenye throto, mlango wa hewa ya injini. Ukibadilisha kompyuta haijali, lakini ukibadilisha throto fimbo inabaki bila kazi. FC za kuanzia 1989, FD (kizazi cha tatu) zote na RX-8 pampu yake ni ya umeme, inangoja amri ya kompyuta. Baadhi ya kompyuta za kununua zinajua kuiamuru, nyingine hazina hata waya wake. Muulize aliyekufungia, kisha usimwamini mpaka uone kwa macho. Weka kwanza oili kwenye petroli ili injini isikauke, chomoa mirija ya oili upande wa sindano zinazoidondosha ndani ya injini, ielekeze kwenye chupa safi, washa injini na utazame. Mrija usiotoa kitu, au unaotoa mapovu matupu, umekwisha kukujibu.

Hatua ya 2: Chagua njia.
Njia ni tatu, na hapa ndipo watu hugombana.

Kubaki na pampu peke yake kunatosha gari ambalo halijaguswa. Ukishaongeza presha ya turbo, kiasi cha oili kilichopangwa kiwandani kinabaki kilekile huku joto na mzigo vimepanda. Isitoshe, oili ya sampu haikutengenezwa ili iungue. Huacha masizi kwenye sili.

Kuchanganya oili ya tu-stroki (iliyotengenezwa kuungua pamoja na petroli) kwenye petroli kuna uzuri mkubwa: injini ikinywa petroli zaidi, oili nayo inaongezeka yenyewe. Ila kuna tundu ambalo wengi hawalioni. Ukishuka mlima gia imekamata na mguu umeuachia, kompyuta hukata petroli. Petroli ikikatwa, oili imekatwa pia, na rota bado zinazunguka kwa kasi. Pampu haina udhaifu huo.

Kwa hiyo kwa gari la barabarani mimi natumia vyote viwili, pampu ikiwa hai na mchanganyiko mwepesi juu yake. Kuiondoa pampu nakubali kwa gari la mashindano tu, au pale kompyuta isipoweza kuiamuru kabisa. Na ukiiondoa, ziba na matundu ya sindano za oili, la sivyo presha ya turbo itavujia hapo.

Njia ya tatu ni kipande cha alumini kinachokaa kati ya pampu na injini ili pampu inywe oili safi ya tu-stroki kutoka tangi dogo la pembeni. Ni kazi nzuri sana, lakini weka kihisi cha kiwango chenye taa, maana tangi likikauka hutasikia lolote mpaka umechelewa.

Hatua ya 3: Pima.
Pampu ikiwa inafanya kazi: mililita 4 kwa kila lita ya petroli. Pampu haipo: mililita 8. Siku ya mashindano: 10. Ukijaza lita 40 bila pampu, hiyo ni mililita 320. Tanguliza oili, petroli ifuate, ili nguvu ya bomba ichanganye.

Hatua ya 4: Oili gani?
Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FD, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili ya tu-stroki (si ile RX-7 FD). Haina moshi mwingi na huacha uchafu kidogo. Ile ya TC-W3 imetengenezewa mashine za boti zinazopozwa kwa maji; wapo wanaoitumia, mimi siichagui.

Hatua ya 5: Tuni baada ya kuchanganya. Oili hushusha kidogo oktani ya petroli (uwezo wake wa kutolipuka kabla ya wakati), kwa hiyo gari lituniwe likiwa na mchanganyiko uleule utakaoutumia kila siku.

MASWALI

Mombasa: Fundi, wavuvi wetu huchanganya moja kwa hamsini. Wewe waniambia mililita nane kwa lita, si kidogo hiyo?
Jibu: Swali zuri, kaka. Mashine ya boti ya tu-stroki haina sampu, beringi zake zote zinategemea mchanganyiko ule. Beringi za rotari zinapata oili ya sampu kwa presha. Mchanganyiko wetu unahudumia sili tu.

Muscat: RX-8 yangu nimebadilisha eksozi peke yake. Niguse pampu?
Jibu: Usiiguse. Ongeza mililita 4 kwa lita na ukague kijiti kila unapojaza tangi mara ya pili.

Kampala: Nikitumia petroli yenye ethanoli nyingi je?
Jibu: Oili nyingi hujitenga na ethanoli. Changanya kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha. Asubuhi ukiona tabaka mbili, oili hiyo haifai.

Dar: Nimejaza tangi nikasahau oili, na pampu nilishaitoa. Nimeshaondoka kituoni.
Jibu: Egesha, zima. Usiseme nitafika tu nyumbani. Mtume mtu akuletee oili, imimine tangini, tikisa gari kwa kulisukuma huku na huku, kisha washa injini uiache izunguke taratibu dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta. Na kuanzia leo weka chupa na kikombe cha kupimia kwenye buti.