Kutengeneza Mkaa Mbadala kwa Magunzi ya Mahindi

Mahindi yakishapukuchuliwa, katika vijiji vingi vya Mbeya, Iringa na Rukwa magunzi hurundikwa nyuma ya nyumba yakanyeshewa, au huchomwa moto, ilhali kaya hiyo hiyo hununua mkaa wa miti iliyokatwa msituni. Magunzi hayo yanaweza kuwa mkaa mzuri kwa sharti moja, ambalo ndilo kiini cha kazi yote: yaungue kwa hewa haba. Yakiachiwa hewa hadi mwisho utabaki na majivu, na yakinyimwa mapema mno yatabaki nusu mabichi na kujaza moshi jikoni.

Wakazi wa pwani wanaweza kufuata njia hii kwa vifuu vya nazi. Pumba za mpunga sizipendekezi kwa anayeanza, kwa sababu zina silika nyingi, yaani madini kama ya mchanga, na takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake hubaki kuwa majivu. Mabua nayo ni heri yaachwe shambani au yalishwe ng'ombe, kwani udongo unayahitaji kuliko jiko.

Tafuta pipa la chuma la lita 200 ambalo halikuwahi kuwekwa viuatilifu wala kemikali nyingine ya sumu. Toboa matundu kadhaa kwenye kitako, kata tundu kubwa juu, kisha andaa bati la kulifunika. Lisimamishe pipa juu ya mawe matatu, mbali na nyumba na nyasi kavu, ulijaze magunzi yaliyokauka kabisa huku ukiacha uwazi katikati, na katika uwazi huo utie majani makavu na kuyawasha.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika kuliko mahali pengine popote. Mwanzoni utaona moshi mzito mweupe, ambao kwa sehemu kubwa ni maji yanayotoka katika magunzi, kwa hiyo usiharakishe kufunika. Moshi ukianza kuwa mwepesi na miali ya moto ikashika vizuri, jambo ambalo kwa magunzi makavu huchukua kama robo saa, ondoa mawe ili pipa likae chini, funika bati, kisha ziba kwa udongo au mchanga kila mahali panapovuja moshi, juu na chini. Usilifungue kabla halijapoa kabisa, hata ikibidi lilale hadi asubuhi, kwa maana mkaa wa moto ukikutana na hewa huwaka upya. Ukichoma vizuri utapata takriban robo ya uzito wa magunzi uliyoweka.

Mkaa huo ni mwepesi na huisha upesi, kwa hiyo utwange na kuuchekecha, kisha uugandishe kwa uji wa unga wa muhogo. Kwa kilo 20 za vumbi la mkaa, kilo moja ya unga inatosha. Upike uji mpaka uvutike, uchanganye ungali na joto, na uongeze maji kidogo kidogo hadi tonge ulilolifinya kiganjani lishikamane bila kuchuruzika. Asiye na mashine anaweza kushindilia mchanganyiko huo kwa mti ndani ya kipande kifupi cha bomba la inchi mbili na kuusukuma nje. Vipande vianikwe juu ya kichanja siku tatu hadi tano za jua, vikigeuzwa kila siku. Kilichokauka hakiachi unyevu ndani kinapovunjwa.

Kama mkaa wowote, huu pia hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua, kwa hiyo usiwashe jiko katika chumba kilichofungwa wala usilale nalo ndani. Vumbi la mkaa litakalobaki lisitupwe: lichanganye na samadi iliyooza kabla ya kulipeleka bustanini, nalo litausaidia udongo kushika maji na rutuba.