Sindano ya kolesteroli na jua la Dodoma
Mnaotumia evolocumab kwa kolesteroli ya kurithi: sindano ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya boksi lake. Ikiganda, usiitumie tena. Mimi nikishuka stendi ya Nanenane saa nane mchana jua halina huruma, kwa hiyo huibeba kwenye kibegi cha barafu, nimeiviringishia taulo isigusane na barafu yenyewe. Kabla ya kuchoma, itoe nje nusu saa ubaridi uishe taratibu. Kuichovya kwenye maji ya moto au kuianika dirishani ni kuiharibu. Wala usiitikise. Leo tumboni, zamu ijayo pajani. Na vidonge vya statini, vile vya kushusha kolesteroli, usiache mpaka daktari aseme, hata majibu ya damu yakipendeza.