Breki za Umeme kwenye Prius na Aqua: Kagua Kabla ya Kununua, Zima Kabla ya Kufungua

Fungua mlango wa dereva wa Toyota Prius au Aqua (magari ya haibridi, yenye injini na mota ya umeme) iliyozimwa, mahali pasipo na kelele, kisha sikiliza upande wa boneti. Utasikia mvumo wa sekunde chache, halafu kimya. Hiyo ni pampu ya breki inajaza shinikizo kabla hata hujakaa. Kwenye magari haya mguu wako hausukumi mafuta ya breki moja kwa moja hadi kwenye magurudumu. Sensa zinaipa kompyuta taarifa umekanyaga kiasi gani, na valvu za umeme zinatoa shinikizo lililohifadhiwa kwenye akumuleta. Uzito unaousikia mguuni unatoka kwenye springi iliyowekwa makusudi ili pedeli ifanane na ya gari la kawaida.

Faida zake ni za kweli. Kompyuta inaiachia mota kazi kubwa ya kupunguza mwendo, betri kubwa inapata chaji, na pedi zinamalizia tu, kwa hiyo zinadumu kuliko za gari la kawaida. Breki pia haihitaji busta inayotegemea injini kunguruma. Hasara ni kwamba mzigo umehamia kwenye betri ndogo ya volti 12, pampu, na fundi mwenye kompyuta. Kwa anayeishi Dodoma, huyo fundi ndiye wa kuangalia kwanza. Kabla ya kulipa, tafuta gereji yenye mashine inayoweza kuamuru pampu na valvu za breki. Kile kifaa kidogo cha kusoma hitilafu za injini hakitoshi. Ukijibiwa kwamba kazi hiyo hadi Dar es Salaam, hesabu na nauli ya gari kubebwa kwenye bei unayopatana.

Mercedes E-Class W211 za mwanzo nazo zina breki za aina hii. Mwaka 2004 kampuni iliyaita magari mengi yarekebishwe, na toleo lililoboreshwa la 2006 likarudi kwenye breki za kawaida. Hata ukiitiwa kwa bei chee, achana nayo.

Ukaguzi ufanyike asubuhi, gari likiwa limelala. Anza na betri ndogo: kwenye Prius ya 2003 hadi 2015 iko buti upande wa kulia, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Weka multimita kabla ya kuwasha chochote. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 usiiamini. Likishakuwa READY (neno linalowaka kwenye dashibodi gari likiwa tayari kwenda, hata injini ikiwa kimya) unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Joto la hapa linachosha betri, na betri iliyochoka huwasha taa za breki hata pampu ikiwa nzima. Wengine wameuziwa pampu kwa shida ya betri.

Sasa tazama dashibodi. Unapowasha, taa za ABS na breki lazima ziwake kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana huenda kuna mtu ameificha.

Kisha iache kwenye READY na P, usiguse pedeli, sikiliza dakika tano. Pampu nzima ikishajaza hunyamaza. Ikirudi kuvuma kila baada ya nusu dakika, bila wewe kukanyaga, shinikizo linavuja ndani. Kuvuma baada ya kukanyaga mara chache ni kawaida. Malizia na mashine: namba C1391 maana yake akumuleta inapoteza shinikizo, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha kitengo kizima. Muuzaji anaweza kuifuta asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo pima tena baada ya kuzunguka na gari angalau nusu saa.

Kubadilisha pedi ndiko wengi wanakoharibu. Ukiwa umefungua kalipa (kifaa kinachobana pedi), mtu akafungua mlango au akakanyaga breki, pampu inaamka na kusukuma pistoni nje. Mafuta yatamwagika, na kidole kilichokuwa hapo kitaumia. Fanya hivi:

1. Egesha tambarare, P, weka mawe kwenye tairi za nyuma. Fungua boneti na buti mapema, na kwenye Prius buti libaki wazi, kwa sababu kitasa chake ni cha umeme na betri unayoichomoa iko humo humo.
2. Zima, peleka ufunguo mbali, funga milango. Subiri zaidi ya dakika mbili bila mtu kugusa pedeli.
3. Kwa spana namba 10 chomoa waya wa hasi wa betri ndogo, kisha subiri dakika chache tena. Prius ya 2003 hadi 2009 ina kapasita za akiba zinazoendelea kulisha breki betri ikikatika.
4. Punguza mafuta kidogo kwenye kikopo, kisha rudisha pistoni polepole kwa klampu.
5. Safisha pini za kalipa, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya bearingi inavimbisha raba.
6. Funga nati za tairi kwa Nm 103, rudisha betri, washa, kanyaga mara kadhaa hadi pampu inyamaze, ndipo ujaribu polepole uani.

Hizo pini usizipuuze. Pedi zisipofanya kazi sana, vumbi la kiangazi linapata muda wa kuzigandisha, na pedi ya upande mmoja inaisha huku mwenzake ikiwa mpya. Fungua kila kilomita 10,000, na pedi ikifika milimita 3 badilisha.

Kutoa upepo usikubali kwa mtindo wa mmoja akanyage, mwingine afungue nati. Nyuma kunahitaji pampu iendeshwe kwa programu kama Techstream ya Toyota. Tena pedeli haitakwambia kama upepo umebaki, maana inakuonyesha uzito wa ile springi tu. Mafuta badilisha kila miaka miwili, na kikopo kisikauke hata mara moja.

Kwenye mteremko mrefu kama Saranda ukielekea Bahi, au Sekenke, betri kubwa ikijaa mota haipokei tena na pedi zinabeba mzigo wote. Weka gia ya B, inayotumia injini kuzuia mwendo, mapema, juu kabisa.

Taa nyekundu na kengele vikija ukiwa mwendoni, kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie. Usipampu, kila mkanyago unakula akiba iliyobaki. Pedeli itaingia chini zaidi na kutaka nguvu, lakini kuna njia ya mafuta inayobaki wazi hadi kwenye magurudumu. Ongeza B, tumia breki ya kuegesha taratibu, toka barabarani. Gari lisivutwe kwa kamba tairi za mbele zikizunguka, kwa sababu zinaizungusha mota nayo inazalisha umeme. Libebwe juu ya lori, au liinuliwe mbele.