Namna ya Kupima Madai Kwamba Seli Shina Huujenga Upya Moyo Ulioumia

Ukikutana na taarifa inayosema kwamba seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zimeujenga upya moyo wa mtu, anza kwa kuuliza ni seli zipi zinazozungumziwa. Seli shina za uboho wa mifupa kazi yake ni kuzalisha damu, ilhali zile za kiinitete zaweza kugeuka kuwa karibu tishu yoyote; anayezichanganya ama hajui anachokisema, ama anauza kitu.

Kisha linganisha madai hayo na yanayotokea mwilini mshipa wa moyo unapoziba. Seli za misuli zilizokatiwa damu huanza kufa ndani ya saa ya kwanza, na shambulio kubwa laweza kuangamiza hadi seli bilioni 1. Tishu inayokufa hutoa ishara za kikemikali, mojawapo ikiwa protini iitwayo SDF-1, ambayo huzivuta seli za uboho zielekee kwenye jeraha, na uboho wenyewe huzidisha uzalishaji wa seli nyeupe. Kati ya seli hizo nyeupe, zile ziitwazo neutrofili hutangulia, zikifuatwa na ziitwazo monosaiti ambazo hugeuka makrofaji na kula mabaki ya seli zilizokufa. Baada ya siku chache makrofaji hizo huanza kutuliza uvimbe, mishipa midogo huchipua, na fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi za tishu, hufuma kovu linalokomaa kwa wiki kadhaa. Kovu hilo lisidharauliwe, kwani bila hilo ukuta wa moyo ungeweza kupasuka. Ila kovu halidundi. Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba seli za uboho hukimbilia moyo ulioumia, mkubalie, kisha muulize zikifika hufanya nini.

Tazama pia kasi inayodaiwa. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi, likitumia kaboni 14, kaboni yenye mnururisho iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia na inayosaidia kukadiria umri wa seli, lilikadiria kwamba binadamu wa miaka 25 hufanya upya takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na kwamba kufikia miaka 75 kiwango hicho huwa kimeshuka chini ya nusu ya asilimia. Anayeahidi msuli mpya katika wiki chache ana mzigo mzito wa kuthibitisha.

Chunguza kama watafiti wengine wamepata matokeo yaleyale. Mwaka 2001 makala katika jarida la kisayansi la Nature ilidai kwamba seli za uboho ziligeuka misuli ya moyo katika panya. Mwaka 2004 makundi mawili yalichapisha katika jarida hilohilo kwamba hayakuliona jambo hilo, na kufikia wakati huo wagonjwa walikuwa wamekwisha kuanza kuwekewa seli za uboho katika majaribio. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali mshirika wake vilipendekeza makala 31 kutoka maabara ya zamani ya Piero Anversa, kiongozi wa utafiti ule wa 2001, ziondolewe majaridani.

Hata palipo na nafuu ya kweli, usiharakishe kuihesabu kuwa msuli mpya. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mioyo ya panya ilipata nafuu hata ilipodungwa seli zilizokwisha kufa, kwa kuwa sindano hiyo iliamsha makrofaji zikaliimarisha kovu. Basi katika ripoti yoyote tafuta kundi la kulinganisha lililodungwa kitu kisicho seli shina hai. Lisipokuwapo, matokeo yale hayawezi kukuambia kilicholeta nafuu.